Swali la lugha: "Hujachagua kipimo yoyote" ni sawa?

Msomaji wetu anatengeneza fomu kwa Visual Basic, lugha ya kuandikia programu, ina makundi matatu ya vitufe vya redio (vile ambavyo kwenye kundi unachagua kimoja tu): rangi, kipimo na umbo. Mtu akiruka kundi bila kubofya kitu programu inatoa meseji, nayo inaungwa hivi: "Hujachagua " halafu jina la kundi halafu " yoyote". Kwenye rangi inasomeka vizuri, ila kwingine inatoka "Hujachagua kipimo yoyote" na "Hujachagua umbo yoyote", anauliza kama yoyote inafaa kote.

Hapana, haifai. Hilo neno linafuata ngeli ya jina lililotangulia kwa hiyo ni rangi yoyote, kipimo chochote, umbo lolote, na siku ukiongeza kundi la ukubwa itakuwa ukubwa wowote. Na yeyote ni ya mtu au mnyama tu, naona watu wengi wanaandika "rangi yeyote", jamani tuache. Pia usikate ukaandika "hujachagua umbo lote", hapo umesema umbo zima, maana imeshageuka kabisa.

Kinachowachanganya watengeneza programu nadhani ni neno "moja", maana utasema rangi moja, umbo moja, unaona neno halijabadilika unajua umemaliza, kumbe kwenye kipimo linakuwa kimoja. Sasa usiunge vipande, andika sentensi nzima ya kila kundi uiweke kwenye Tag (sehemu ya kuhifadhia maelezo yako) ya GroupBox yake, yaani kisanduku kinachoshika vitufe vya kundi hilo, mtu akibofya Hifadhi unapitia vitufe vya kundi kimoja kimoja ukiangalia Checked, inayosema kama kitufe kimechaguliwa, kama hakuna chenye True (ndiyo) unaonyesha ile Tag kama ilivyo. Usiitoe meseji kwenye CheckedChanged, tukio la kitufe kubadilika hali, hiyo inaitwa mara mbili mtu akihama chaguo, kitufe cha zamani kikizimika na kipya kikiwaka.

Meseji ya kuthibitisha nayo ina mtego huohuo, "Umechagua umbo ya duara" ni kosa, ni umbo la duara, rangi ya bluu, kipimo cha kati. Hapo nukta mbili zinatosha, andika "Umbo: duara" basi, hakuna kiunganishi cha kukosea.

Hiyo hujachagua yenyewe umeipata sawasawa na naomba uilinde, wengi wanaweka "hukuchagua" wakidhani ni kitu kimoja. Hujachagua inamwambia mtu nafasi bado ipo, fomu iko wazi, rudi ubofye. Hukuchagua ni jambo lililokwisha pita, kwa hiyo itumie kwenye ripoti inayotoka baada ya fomu kufungwa: "Hukuchagua kipimo chochote, kwa hiyo tumeweka cha kati."