Kampavani Lewis na Harris: Kata Tiketi ya Feri Kabla ya Kuupenda Ufukwe

Makala haya yamechochewa na ujumbe wa msomaji. Familia ya watu wanne, wakazi wa Uingereza, wamekodi kampavani, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani, ya mita 7 kwa wiki moja ya mwezi wa Julai. Wanakwenda Lewis na Harris, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, na pa kulala wameshapachagua: pale pale kwenye ufukwe wa Luskentyre, Harris, kando ya mchanga, kwa kuwa picha zake zinafanana na za Paje. Tiketi ya feri bado. Wanachouliza ni wabebe maji lita ngapi.

Swali la maji litajibiwa, lakini ndilo dogo kuliko yote. Kubwa ni kwamba wameanzia mwisho. Kambi ya kisiwani huchaguliwa kuanzia gatini, kisha unatazama upepo, kisha ardhi, na mandhari yanafuata baada ya hapo. Harris mandhari hayatafutwi. Ukiikosa bahari dirisha la kushoto, utaiona la kulia.

Lewis na Harris ni kisiwa kimoja chenye majina mawili, na gari hufika huko kwa njia tatu, zote za kampuni ya feri ya CalMac. Ya kwanza ni Ullapool hadi Stornoway, saa mbili na nusu na ushei. Ya pili ni Uig, kisiwani Skye, hadi Tarbert, saa 1 na dakika 40 hivi. Ya tatu ni Berneray hadi Leverburgh, takriban saa 1, inayowafaa wanaopanda kutoka visiwa vya Uist. Skye yenyewe ina daraja tangu 1995, kwa hiyo anayepitia Uig anahitaji feri moja tu.

Msimu wa kiangazi nafasi za magari hujaa mapema, na magari marefu ndiyo huumia kwanza, kwani nafasi hupangwa kwa urefu. Chukua futi kamba, usitegemee karatasi ya kampuni ya kukodisha. Pima kutoka bampa hadi bampa pamoja na kibebea baiskeli cha nyuma, halafu pima kimo pamoja na kila kilichofungwa juu ya paa. Gari lililoandikishwa mita 7 likatokea gatini na mita 7.6 linaweza kuachwa litazame meli ikiondoka. Ukishapata tarehe za feri, ndipo ukate kambi, na uanze na usiku wa mwisho.

Ndiyo, wa mwisho. Njia ya Stornoway inategemea zaidi meli moja, MV Loch Seaforth. Mwaka 2021 injini yake iliharibika na ikakaa nje ya kazi kwa wiki kadhaa, na hata bila hitilafu upepo mkali huahirisha safari. Ratiba inaweza kusogezwa mbele au nyuma kwa taarifa ya saa chache. Atakayeondokea Stornoway alale karibu na mji. Kambi ya Laxdale iko mwendo mfupi tu kutoka gatini, ina umeme, na ina miti, kitu adimu upande huo. Atakayeondokea Tarbert alale Harris. Kosa la kawaida ni kulala usiku wa mwisho Cnip, magharibi kabisa ya Lewis, kisha kutegemea kuwahi feri ya asubuhi kwa barabara ya gari moja yenye kondoo waliolala katikati. Cnip ni pazuri kweli kweli. Patumie siku ya pili au ya tatu.

Sasa Luskentyre. Watu wengi wamesikia kwamba Uskoti mtu hulala popote. Sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inatoa haki hiyo kwa anayetembea, anayeendesha baiskeli, anayepanda farasi, na anayesimamisha hema kwa staha. Chombo chenye injini hakimo. Maegesho ya ufukweni ni ya wanaokuja mchana, na sehemu ya kupishana magari si ya kulala hata kwa saa mbili. Gari la wagonjwa linapita hapo hapo.

Halafu kuna machair. Ni jina la Kigaeli la uwanda wa nyasi na maua uliojengeka juu ya mchanga wa chaza na makombe. Ukiutazama unaona uwanja wa mpira, lakini ngozi yake ni nyembamba mno. Gurudumu la gari la tani 3.5 linaipasua, upepo wa baridi unaingia kwenye mpasuko na kupeperusha mchanga, na kovu la mita moja linakuwa shimo. Kuanzia Aprili hadi Julai ndege hutaga humo chini kabisa, mayai yakiwa na rangi ya mchanga. Kambi kama Horgabost, jirani na Luskentyre, zina njia na sehemu zilizotengwa. Egesha ulipoelekezwa, hata kama mita kumi mbele panaonekana pazuri zaidi.

Mtu wa pwani yetu ana ujuzi mmoja wa kumsaidia huku: anajua bamvua. Stornoway maji ya bamvua hupanda na kushuka takriban mita 4, karibu sawa na Mombasa na Unguja. Mchanga mpana unaouona ufukwe wa Seilebost, Harris, saa nane mchana ni bahari saa mbili usiku. Jedwali la maji lisomwe kama unavyolisoma kwenu.

Lakini kuhusu upepo, sahau kusi na kaskazi. Upepo wa huku haungoji msimu, unageuka ndani ya siku moja. Mara nyingi hutoka kusini-magharibi, na mvua ikishapita hugeukia magharibi, kisha kaskazini-magharibi. Hilo lina faida kwa anayejua kuegesha. Kampavani nyingi zilizotengenezewa soko la Uingereza zina mlango wa chumbani upande wa kushoto. Elekeza pua kusini-magharibi: upepo unagonga kioo cha mbele, sehemu ngumu iliyoundwa kukata hewa, na utakapogeuka utapiga ubavu wa kulia huku mlango ukibaki kivulini. Ukiegesha kinyume, upepo unakamata mlango ukifunguliwa, unaurusha nyuma, na bawaba zinapinda. Ni uharibifu ambao mwenye gari la kukodi atakulipisha. Mfundishe kila aliyemo garini kushika mlango kwa mkono kabla ya kufungua kitasa. Paa la kuinuka lishushwe kabla ya giza ikiwa utabiri unaonyesha dhoruba, na turubai la pembeni likunjwe mapema. Kulikunja likiwa limeshajaa upepo ni kazi ya watu watatu, na mmoja wao ataumia.

Je, utafute basi mahali palipojificha? Hapo ndipo usubi wanapokusubiri. Usubi wa Uskoti ni wadogo kuliko tundu la wavu wa kawaida wa mbu, huwapo Mei hadi Septemba, na hupenda alfajiri, machweo na siku za mawingu zisizo na upepo. Anayeuma ni jike, na akishauma huita wenzake kwa harufu. Upepo ukizidi kilomita 11 kwa saa hawawezi kuruka. Kwa hiyo lile bonde la kupendeza lenye kijito, majani marefu na kichaka cha kukinga upepo ndilo utakalokimbia saa kumi na moja alfajiri. Uamuzi wetu kwa mwezi wa Julai: chagua upepo. Kaa juu kidogo, wazi kuelekea bahari, mbali na ardhi ya kinamasi na matete. Gari likitikisika usiku utalala. Usubi wakiingia hulali. Nunua wavu wenye matundu madogo zaidi, zima taa kabla ya kufungua mlango, na usivae nguo nyeusi jioni.

Kuhusu ardhi, uliza swali moja tu kwenye simu: nafasi yenu ni ya changarawe au nyasi? Kama ni nyasi na mvua imenyesha, angalia gari lako linavutwa na magurudumu gani. Kampavani nyingi huvutwa na ya mbele, wakati uzito wa matangi, kitanda na mizigo uko nyuma. Ingia kinyumenyume, ili magurudumu yanayovuta yabaki karibu na njia ngumu, na kama kuna mteremko hakikisha unatoka kwa kushuka. Ukikwama usikanyage mafuta, maana unachimba kaburi la tairi. Weka gia ya pili, tandika zulia za sakafuni mbele ya magurudumu, kisha toka taratibu. Kabari mbili za kusawazisha gari zibebwe, na kitanda kielekee ili kichwa kiwe juu.

Nafasi ya umeme haina maajabu. Plagi ni ile ya buluu ya pini tatu ya ampea 16, waya wa mita 25 unatosha, na waya wote ukunjuliwe, maana ukiachwa umeviringishwa hupata moto. Cha kuangalia ni nguvu inayotolewa. Ampea 10 kwa volti 230 ni wati 2,300. Birika la nyumbani la wati 3,000 linaweza kukata umeme, na kwenye kambi ndogo mwenye swichi anaweza kuwa yuko na kondoo wake mlimani. Tumia birika la wati 1,000 au chemsha kwa gesi. Mtungi uwe wa propani. Butani hukataa kutoa gesi ikikaribia nyuzi 0.

Choo ndicho watu huona aibu kukiulizia, na ndicho kinachoharibu safari. Kaseti, yaani tangi la choo linalochomolewa, huchukua lita 17 hadi 20. Kwa watu wanne ni siku mbili, tena kwa nidhamu. Kabla ya kulipia kambi, uliza kama wana mahali pa kumwaga kaseti na kama wanapokea wasiolala hapo. Vijiji vingi hutumia tangi la chini la maji taka ambalo kazi yake hufanywa na bakteria, na dawa kali yenye formaldehaidi inawaua. Nunua dawa isiyo na formaldehaidi. Usimwage shambani wala kwenye choo cha umma.

Jumapili Lewis na Harris ni siku ya ibada kwelikweli. Maduka mengi na pampu nyingi za mafuta hufungwa, na baadhi ya kambi hazipokei mgeni siku hiyo. Feri ya Jumapili kutoka Stornoway ilianza mwaka 2009 tu, tena baada ya mabishano. Jaza tangi na jokofu Jumamosi mchana, na upange Jumapili iwe siku ya kutohama. Kufua na kuanika nguo nje siku hiyo jirani ataona, hata asiposema.

Barabara mbili za Harris zinahitaji uamuzi kabla ya kuchagua kambi. Ile ya upande wa mashariki iitwayo Golden Road ni nyembamba yenye kona za ghafla. Kwa mita 7 iacheni. B887 kwenda Huisinis nayo ni ya gari moja, ina vilima vya kupanda bila kuona mbele, na hupita mbele kabisa ya mlango wa kasri la Amhuinnsuidhe. Inawezekana kwa dereva mtulivu, mapema asubuhi, kabla magari ya kurudi hayajaanza. Sehemu ya kupishana ikiwa kushoto kwako, ingia. Ikiwa kulia, simama kando yake upande wako na umwache mwenzako aitumie. Na ukiona gari nyuma yako, mpishe. Huenda ni mtu anayekwenda kazini.

Sasa maji. Tangi la lita 100 kwa watu wanne wanaooga humo garini haliwezi siku mbili. Mkioga kwenye bafu za kambi linafika siku tatu. Lakini lita 100 ni kilo 100, na kampavani ya mita 7 yenye kikomo cha kilo 3,500 ikishapakia watu wanne, baiskeli na vyakula inakuwa imebakiwa na nafasi ndogo sana. Ondokeni nyumbani na lita 30, mjaze mkifika kambi ya kwanza, na mbebe mpira wa maji wa mita 10 wenye vichwa viwili tofauti vya bomba, kwa sababu bomba za huko hazifanani. Gesi ifungwe kwenye mtungi kabla ya kupanda feri.