Tokeni ipo, picha iko wapi?

Mwaka 2022 nilinunua NFT, ile tokeni ya kidijitali inayouzwa na picha yake. Juzi nimefungua pochi yangu ya kidijitali, naona kisanduku cheupe tu. Nimeibiwa?

Pole, lakini huenda hujaibiwa. Tokeni ikiwa bado inaonekana pochini, ni yako. Picha ndiyo haikuwahi kuwa ndani yake. Kwa kawaida kwenye blokicheni, yaani daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi, huandikwa namba ya tokeni, anwani ya mwenyewe na linki. Linki hiyo inakupeleka kwenye faili dogo la maelezo, na faili nalo lina linki nyingine ya kwenda kwenye picha, ambayo mara nyingi imekaa kwenye seva ya mtu. Seva hulipiwa, kama chumba cha kupanga.

Tarehe 24 Aprili 2025 wenye CloneX, mkusanyo wa NFT wa kampuni ya RTFKT iliyokuwa mali ya Nike, walikuta tangazo la Cloudflare, kampuni inayohudumia tovuti, kwamba maudhui yamezuiwa. Nike ilikuwa imeshatangaza kuifunga RTFKT. Picha zilirudi baadaye. FTX, soko la sarafu za kidijitali, ilipofilisika Novemba 2022, linki za NFT zilizotengenezwa kwake zikaanza kuwapeleka watu kwenye ukurasa wa habari za ufilisi. Hati ya kiwanja unayo mkononi, ukifika unakuta kibao cha dalali wa mahakama.

Muuzaji ananiapia yangu iko IPFS, haifutiki. Nilale?

Lala jicho moja. Kwenye IPFS, mtandao wa kompyuta zinazotunza na kugawana mafaili, anwani hutokana na faili lenyewe, kwa hiyo hakuna atakayekubadilishia picha kimyakimya. Hilo ni jema kweli. Ila lazima kuwe na kompyuta mahali fulani inayoitunza. Muuzaji akiacha kulipia na hakuna mwingine mwenye nakala, utabaki na anwani sahihi ya nyumba isiyokuwepo.

Si waweke picha humo humo tu?

Gharama. Ethereum, mojawapo ya blokicheni hizo, hutoza kila unachoandika. Wa CryptoPunks, mkusanyo mwingine wa NFT, waliweza, Agosti 2021, lakini zile ni sura za pikseli 24 kwa 24.

Nitajuaje yangu iko wapi?

Ingia Etherscan, tovuti ya kusomea kumbukumbu za Ethereum, tafuta mkataba (programu inayoendesha tokeni) wa mkusanyo wako, nenda sehemu ya kuusoma, kisha kwenye tokenURI andika namba ya tokeni yako. Jibu likianza na "ipfs", rudi kwenye swali la muuzaji hapo juu. Likianza na "data", maelezo yamo humo humo; kagua kama picha nayo imo. Likianza na "https", pakua picha leo hii. Najua, hata jirani yako ambaye hakununua chochote anaweza kupakua hiyo hiyo.