Swali la lugha: Mama ana uvimbe, au mkono umevimba?

*Mama yangu huanika dagaa Kibirizi. Mkono ulimuuma upande wa dole gumba, akaenda zahanati, akarudi na karatasi iliyoandikwa "uvimbe kwenye kiwiko". Nyumbani tulilia tukidhani ni saratani. Halafu kinachomuuma si kiwiko! Aliyeandika alikosea? – Msomaji, Ujiji*

Poleni sana, dada, na umpe mama pole yangu.

Hakukosea, ila alichagua neno linalotisha. Uvimbe ni hali ya kuvimba, na pia ni kitu kilichoota mwilini. Siku hizi maana ya pili imeimeza ya kwanza: mtu akisema fulani ana uvimbe, hakuna anayefikiria kuumwa na nyuki. Mimi ningetumia kitenzi: "mkono umevimba na una joto". Kitenzi kinaeleza jambo linalotokea, na linaloweza kwisha. Vitabu vya tiba vina neno "uchochota", wengine huandika "inflamesheni", lakini mgonjwa hapati kitu hapo. Maana yake ni mwili kujibu pale ulipoumia: mishipa midogo ya damu hutanuka, majimaji hupenya, panavimba, panapata joto na kuuma. Wekundu unaotajwa vitabuni mara nyingi hauonekani vizuri kwenye ngozi zetu nyeusi, basi mguse kwa mgongo wa kiganja na ulinganishe na mkono wa pili.

Kuhusu kiwiko, zipo kamusi zinazokipa maana ya pale tunapovaa saa. Pa kukunjia mkono ni kisugudi au kivi. Lakini wengi leo wakisikia kiwiko hushika kisugudi, kama ulivyofanya wewe. Kifundo cha mkono hakimpotezi mtu.

Nadhani mama mwenyewe anasema "mshipa". Neno hilo limebebeshwa mengi: njia za damu, za fahamu, hata ngiri. Kinachovuta dole gumba ni kano, na kano hupita ndani ya ala kama kisu. Kazi ya kushika na kupinda mkono kutwa nzima, kugeuza dagaa, kukamua nguo, kunyanyua ndoo, huweza kuisumbua ala hiyo ikavimba. Kama ni hilo, dawa ya kwanza ni kuupumzisha mkono, na dole gumba lenyewe.

Neno ninalolihofia zaidi ni kukanda. Mtu akiambiwa "kande", huko kwetu anachemsha maji, anachovya kitambaa, anakandamiza, na pengine anasugua kwa nguvu. Mkono ulioumia jana au juzi, ukiwa bado na joto, haufai kufanyiwa hivyo. Unafaa kuwekewa ubaridi: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, kisha uuinue juu ya mto. Kwa hiyo mhudumu akisema "mkande", muulize papo hapo: kwa moto au kwa baridi?

Akipata homa, vidole vikifa ganzi, au kama aliangukia mkono huo, arudi hospitali leo leo. Na akifika asiseme "nina uvimbe" wala "mshipa". Aseme: "Kifundo cha mkono kimevimba upande wa dole gumba, kinauma nikikamua nguo." Kisha aoneshe kwa kidole.