Chumvi ya kopo na dawa za presha

SWALI: Mama ana miaka 66, ana presha na moyo umetanuka. Anameza losartan miligramu 50 na spironolactone miligramu 25 kila siku. Chakula cha chapwa kimemshinda, nikamnunulia chumvi ya kopo isiyo na sodiamu. Dafu pia halimpiti siku. Kuna ubaya? – Msomaji, Tanga

JIBU: Upo. Kopo hilo litoe jikoni leo. Soma lebo: ukikuta "potassium chloride", basi sodiamu imeondolewa na mahali pake pakawekwa potasiamu. Robo kijiko cha chai hubeba miligramu 600 hivi au zaidi, kuliko ndizi mbivu nzima yenye kama 420.

Mwenye figo nzima huikojoa ikaisha. Kwa mama ni tofauti. Figo hutoa potasiamu kwa amri ya homoni ya aldosteroni. Losartan hupunguza homoni hiyo, na spironolactone huizuia ile iliyobaki isifanye kazi. Mlango mmoja, makomeo mawili. Dawa hizo hupewa pamoja kwa sababu nzuri, moyo unazihitaji, kwa hiyo asiziache kwa uamuzi wa nyumbani. Kinachoondoka ni chumvi hiyo, na dafu la kila siku, ambalo nalo lina potasiamu nyingi, lisimame mpaka majibu ya damu yatoke. Ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga vitamwondolea uchapwa.

Apimwe potasiamu na kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi) wiki hii, hata akijisikia mzima. Kiwango cha kawaida cha potasiamu ni 3.5 hadi 5.0 mmol/L, ikifika 6 ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, maana moyo unaweza kuvurugika mapigo bila dalili yoyote kutangulia. Akilegea miguu ghafla, akizimia au mapigo yakienda polepole mno, msingoje maabara. Wakati mwingine namba hupanda bure kwa kuwa seli za damu zimepasuka wakati wa kutoa sampuli, zikamwaga potasiamu yake. Hapo kipimo hurudiwa upesi, hakipuuzwi.

La mwisho kuhusu mama: goti likimuuma, diclofenac na ibuprofen hubana figo na kuongeza tatizo; paracetamol ni afadhali. Septrin, dawa ya kuua bakteria, nayo ina trimethoprim, inayozuia potasiamu kutoka. Muuza dawa asipoambiwa mgonjwa anameza nini, atavitoa vyote bila wasiwasi.

SWALI: Natumia furosemide miligramu 40. Usiku mashavu ya miguu hunikaza. Jirani amenigawia vidonge vyake vya potasiamu, nimeze? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Mrudishie. Ni kweli dawa yako, ya kukojoza, inasukuma upande wa pili: maji yakitoka, potasiamu hutoka nayo. Lakini kukaza misuli hakuthibitishi kwamba imepungua, na kama figo zako zimechoka huenda iko juu. Omba kipimo cha potasiamu, kreatinini na magnesiamu. Hii ya tatu husahaulika sana: ikiwa chini, figo huendelea kuvujisha potasiamu, na vidonge utakavyomeza ni kama maji kwenye pakacha.

Ukiandikiwa, jua kwamba kidonge cha kuyeyuka taratibu chenye miligramu 600 za kloridi ya potasiamu kina potasiamu yenyewe kama 315 tu. Usilinganishe na hesabu za chakula bila kuangalia hilo. Kimeze kizima, baada ya kula, kwa bilauri nzima ya maji, ukiwa umeketi, na usijilaze kwa nusu saa. Kikikwama njiani huchoma umio mpaka kidonda. Kukitafuna au kukisaga hairuhusiwi, kwani dozi yote itamwagika mara moja. Ukiona kitu kama ganda chooni usishtuke, dawa yenyewe imeshatoka ndani yake.

Kama unatumia pia digoxin, dawa ya moyo, sema mapema. Potasiamu ikishuka, dozi ileile uliyoizoea hugeuka sumu: kichefuchefu, kuona rangi ya manjano, mapigo kurukaruka.