Mjini peke yangu, mtoni na kundi: namna ya kupanga safari ya ng'ambo

Tangu nirudi kutoka Malaysia, swali ninaloulizwa sana hapa Tudor, Mombasa, si la pesa. Ni hili: "Ulikwenda na nani?" Jibu langu huwachanganya watu, kwa sababu nilikwenda peke yangu na pia nilikwenda na kundi, ndani ya safari hiyo hiyo moja. Wengi hudhani sharti uchague. Ama ulipe kampuni ikushike mkono kuanzia unaposhuka ndege hadi unapopanda tena, ama ujitwike begi na ujitafutie kila kitu. Mimi nasema kundi lilipiwe kwa jambo fulani, lisilipiwe kwa nchi nzima. Angalia katika mambo unayotaka kuona, yapi mawili matatu yatakushinda ukiwa peke yako, au yatakula pesa zako zote. Hayo ndiyo ya kundi. Kwingine kote nenda mwenyewe.

Nitumie Malaysia kama mfano kwa sababu ndiko nilikokwenda, na kwa sababu Mkenya anayekwenda kutembea kwa muda mfupi haombi viza kule, wala Singapore iliyo jirani. Kabla hujanunua tiketi thibitisha na ubalozi wao ulioko Nairobi, maana sheria za viza hubadilika.

Kuala Lumpur haina haja ya kundi hata kidogo. Ukitoka uwanja wa ndege kuna treni ya moja kwa moja hadi KL Sentral, stesheni kuu ya mjini, nusu saa hivi, na kutoka hapo treni za mjini zinakufikisha karibu kila mahali. Kwenda Melaka ni basi la saa mbili. Kwenda Penang unapanda treni hadi Butterworth, kisha feri hadi George Town, na mtu aliyezoea kuvuka Likoni hatapata kigeni hapo. George Town na Melaka ziliingizwa pamoja katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2008, na utamu wa miji hiyo ni kutembea bila haraka. Katika mtaa mmoja wa George Town nilipita kanisa la St. George's, hekalu la Wachina, hekalu la Wahindi na msikiti wa Kapitan Keling, zote kwa mguu, na katikati nikakaa chini nikala roti canai na mchuzi wa dengu. Nikiwa hapo likapita kundi la watalii wakifuata kibendera. Mzee mmoja alikuwa anataka kuchungulia ndani ya hekalu, mwongozaji akawa anamwita, basi linangoja. Nilimhurumia. Amelipa pesa nyingi aharakishwe.

Sasa vuka bahari uende Sabah, kwenye kisiwa cha Borneo, uone mambo yanavyogeuka. Mimi nilitaka mto Kinabatangan. Ni mto wa kilomita 560, na kando zake ndiko waliko orangutani, tembo wadogo wa Borneo, na kima wenye pua ndefu ambao hawapatikani popote duniani ila kisiwa hicho. Kufika huko unahitaji gari kutoka Sandakan, mahali pa kulala ukingoni mwa mto, boti, nahodha, na mwongozaji anayeujua msitu. Ukienda peke yako na kutaka kila kitu kiwe chako, unalipa boti nzima. Ukiingia kundi la siku tatu, gharama hiyo mnagawana.

Na si pesa tu. Jioni ya kwanza tulikuwa tunateremka na mto, sote tunapiga picha miti, mwongozaji akamwashiria nahodha azime mashine. Boti ikasogea yenyewe hadi chini ya matawi. Mimi naona majani tu. Akaninyooshea kidole tawi kwa tawi, mpaka nikamwona dume amekaa, tumbo nje, pua imemning'inia hadi chini ya mdomo, anatafuna majani huku anatutazama kana kwamba sisi ndio maonyesho. Nyuma yake walikuwa majike na watoto, pengine kumi, ambao ningewapita wote bila kujua. Macho yale ya mwongozaji ndiyo nililipia, na kwa hayo sina kinyongo na senti hata moja.

Mlima Kinabalu pia uko upande huo, mita 4,095. Huko hakuna mjadala: huruhusiwi kupanda bila kibali na mwongozaji, na vitanda vya kulala mlimani ni vichache, vinawahiwa mapema. Sikupanda. Miguu yangu imezoea upepo wa bustani ya Mama Ngina, nayo nimeiachia hapo hapo.

Ukishajua kundi ni la wapi, liweke katikati ya safari. Kutoka Mombasa utapitia Doha au Addis Ababa, au uanze na treni ya Miritini hadi Nairobi, na popote pale katikati ndege inaweza kuchelewa au begi likabaki nyuma. Tena kule wako mbele yetu kwa saa tano, kwa hiyo siku ya kwanza mwili wako uko Mombasa bado. Kundi haliwezi kukungojea. Mimi nilianza na siku kadhaa Kuala Lumpur, nikajua laini ya simu inanunuliwa wapi, pesa zinabadilishwa wapi, nikazoea chakula, ndipo nikaruka Sandakan. Nilipokutana na wenzangu sikuwa mgeni kabisa. Na baada ya kundi acha siku zisizo na ratiba yoyote. Kuamka alfajiri na watu usiowajua siku tatu mfululizo kunachosha, hata wakiwa watu wazuri.

Jambo la majira, sisi wa pwani tunalielewa upesi kuliko wengine. Kaskazi inapovuma kwetu bahari hutulia na Diani hujaa wageni. Kule, pepo za miezi hiyo hiyo, Novemba hadi Machi, huleta mvua kubwa na mawimbi pwani ya mashariki, na hoteli nyingi za visiwa vya Perhentian hufungwa kabisa. Sandakan nako hunyesha sana Desemba na Januari. Kwa hiyo mwenye likizo ya Desemba aelekee magharibi, Penang na Langkawi, na anayetaka mto na visiwa vya mashariki aende wakati wa kusi. Mimi nilichagua Agosti.

Kabla ya kutoa arbuni, waandikie kampuni ya kundi na uwabane kwa maswali. La kwanza ni kama tarehe hiyo imethibitishwa kuondoka. Makundi mengi yana idadi ya chini ya watu, na isipotimia safari inafutwa. Rafiki yangu wa Kisauni alinunua tiketi ya ndege kwa ahadi ya mdomo tu, kampuni ikafuta wiki mbili kabla. Arbuni alirudishiwa, tiketi ikabaki juu yake. Ngoja waandike "imethibitishwa" ndipo ununue ndege.

Swali la pili ni chumba. Bei unayoiona kwenye tangazo karibu kila mara ni ya mtu anayelala na mwenzake chumba kimoja. Ukiwa peke yako utaongezewa pesa, na nyongeza hiyo wakati mwingine ni kubwa hadi inaudhi. Uliza kama wanaweza kukupa mwenzako wa chumba wa jinsia yako bila nyongeza. Ziko kampuni zinazofanya hivyo. Mimi nililala na mama mmoja Mjerumani, mstaafu. Usiku wa kwanza nikamwambia mapema kwamba simu yangu italia kabla ya saa kumi na moja kwa ajili ya swala. Akacheka, akasema vizuri, boti inaondoka saa kumi na mbili, kwa hiyo nimwamshe na yeye. Mambo kama hayo yaseme kabla taa haijazimwa.

Kisha uliza safari inaanzia wapi na kuishia wapi, kwa jina la mji. Sandakan na Kota Kinabalu zote ziko Sabah, lakini kati yake ni saa sita hivi za basi. Uliza bei inajumuisha nini: chakula, kiingilio, boti za jioni na asubuhi, gari la kutoka uwanja wa ndege. Uliza kundi lina watu wangapi kwa wingi. Kumi na wawili ni kundi, arubaini ni msafara wa harusi. Na kama chakula cha halali ni sharti kwako, kiulize kwa maandishi, hata katika nchi yenye Waislamu wengi, kwa sababu si kila mpishi wa watalii anapika kwa kufikiria hilo.

Karatasi sitazirefusha. Pasipoti iwe na miezi sita mbele. Kama imekaribia kuisha, ombi ni kwa eCitizen, kisha alama za vidole katika jengo la Uhuru na Kazi, na usingoje wiki ya mwisho. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, ni lazima kwa anayetoka Kenya. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri, na tangu 2016 kadi hiyo inafaa maisha yako yote, hata kama imeandikwa miaka 10. Kuna fomu ya kuingia Malaysia inayojazwa kwa intaneti ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure, kwa hiyo tovuti inayokuomba pesa ifunge. Na usishangae ukitua Sabah ukapanga foleni ya uhamiaji upya ingawa hujatoka Malaysia. Sabah na Sarawak zina uhamiaji wao, pasipoti isikae ndani ya begi la chini.

Jambo moja zaidi kwa dada zangu. Ukiwa msichana unasafiri peke yako kwenda Asia, maafisa wa hapa kwetu huenda wakakuuliza maswali mengi kabla ya kukugongea muhuri. Usikasirike. Wakenya wengi wamedanganywa kwa ahadi za kazi Thailand wakajikuta wamefungiwa Myanmar, na hao maafisa wameyaona. Chapisha tiketi ya kurudi, hoteli za siku za mwanzo, risiti ya kundi na barua ya likizo kutoka kazini. Hapa kundi linakusaidia hata kabla hujaondoka: risiti yake ina tarehe na mahali, na afisa anaielewa haraka. Mzigo wa mtu usibebe, hata wa jirani, hata ukiambiwa ni halua. Kule adhabu ya dawa za kulevya inafika hadi kifo.

Nyumbani nako kuna uhamiaji wake. Mamangu aliposikia alisema, "Mwanangu, peke yako, na huko hujui mtu?" Shangazi akaongeza yake. Sikubishana nao. Nilimwandikia Mama karatasi yenye kila usiku nitalala wapi, na zile siku za mtoni, ambako mtandao ni wa kubahatisha, nikaweka jina na namba ya kampuni. Alipoona kwamba katika sehemu ngumu kabisa nitakuwa na watu, uso ukalegea. Tukakubaliana saa ya kupiga simu pia. Yeye akimaliza swala ya alfajiri saa kumi na moja, kwangu ni saa nne ya asubuhi, nimeshakunywa chai. Ukisema utapiga saa mbili ya usiku wa Mombasa, jua utakuwa unapiga saa saba ya usiku wa kule.

Pesa: M-Pesa ya kawaida haifiki. Kadi ya GlobalPay, ile ya M-Pesa inayokaa ndani ya simu, inalipia vitu vya mtandaoni, lakini hoteli ikitaka amana na mashine ya kutolea pesa ikitaka kadi ya kushika mkononi, uwe na ya benki. Dola zako ziwe noti safi zisizochanika. Hoteli itakutoza pia kodi ya utalii ya ringgit 10 kwa chumba kwa usiku, ambayo mara nyingi haimo katika bei uliyolipa mtandaoni, kwa hiyo usidhani unaibiwa. Bima ya safari soma kama inagusa boti na kuzamia. Adapta ya umeme usinunue, plagi zao ni za pini tatu kama zetu.