Chupa mbili za kivumbasi, harufu mbili: ipi feki?

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umenunua chupa mbili za mafuta ya kivumbasi, moja inanuka karafuu, nyingine kafuri. Muuzaji kakwambia zote zinaua bakteria, hivyo mtoto mwenye mafua umtie puani. Unataka kujua ipi feki. Nianze na la mtoto: usimtie. Kafuri ikiingia mwilini humletea mtoto mdogo degedege, na haihitaji nyingi. Hayo mengine tutaongea taratibu.

Inawezekana kabisa hakuna feki hapo. Jina kivumbasi watu wanaliita mimea zaidi ya mmoja wa ukoo wa mrehani. Upo Ocimum gratissimum, ambao mafuta yake mara nyingi yamejaa eujenoli, ileile inayoipa karafuu harufu. Halafu upo Ocimum kilimandscharicum, uliopewa jina la mlima wetu, ambao wenyewe ni kafuri tupu ukiusugua mkononi. Huo ndio wakulima wa karibu na msitu wa Kakamega, Kenya, wakishirikiana na watafiti wa ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, wanaulima na kukeneka mafuta (kuyatoa kwa mvuke, kisha kuupoza) ya kutengenezea dawa ya kuchua, Naturub. Na hata huo wa kwanza hautabiriki: kuna wenye eujenoli na kuna wenye thaimoli, inayonuka kama dawa ya kusukutua mdomo. Majani ukiyatazama ni yaleyale. Kwa hiyo jina kwenye chupa halikwambii kitu. Uliza ndani kuna nini.

Somo hilo nililipata kwa aibu. Mwaka wa mwisho chuoni nilikuwa nakeneka mafuta ya kupima kwenye bakteria, kwa kamtambo ambako wenzangu walikuwa wakiniuliza gongo inatoka lini. Nilianza na mchaichai. Mafuta yake ni mepesi, yanaelea, kwa hiyo nikazoea: fungua koki ya chini, maji yatoke, mafuta yabaki juu uyachukue. Wiki iliyofuata nikaweka makonyo ya karafuu kutoka Pemba, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, ambavyo pale Wawi, Chake Chake, wana kiwanda kizima cha kuvikeneka. Nikafungua koki kama kawaida, nikamwaga "maji" kwenye sinki. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama! Kazi ya siku nzima ikaenda na bomba, na maabara ikanuka kama kwa daktari wa meno hadi Ijumaa. Kikombe cha plastiki nilichotumia kukinga matone ya mwisho nacho kikalainika kitako. Ndiyo maana nasema mafuta haya yakae kwenye kioo cheusi, na kile kipira cha kudondoshea kisilale ndani.

Sasa la kuua bakteria. Ni kweli, nimeona kwa macho. Unaotesha bakteria kwenye sahani, unaweka kijikaratasi cha mviringo kilicholowa mafuta, unaacha usiku kucha kwenye joto la nyuzi 37. Asubuhi, kwenye sahani ya stafilokokasi, bakteria wa majipu, kijikaratasi cha karafuu kilikuwa kimezungukwa na uwazi usio na bakteria, unaokaribia upana wa sarafu ya shilingi hamsini. Mchaichai nao, wenye sitrali, ile inayoupa harufu ya limau, ukafanya vizuri. Cha kafuri kilikuwa na kauwazi kembamba ka kubembeleza. Ila kwenye sahani ya sudomonasi, bakteria mwingine aliye sugu, hakuna aliyetamba, bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni mwa karatasi.

Sababu yake inaeleweka. Eujenoli na thaimoli ni jamii ya fenoli. Zinapenda mafuta, na ngozi ya bakteria ina mafuta, kwa hiyo zinajipenyeza humo na kuilegeza, potasiamu na vitu vingine vya ndani vinaanza kuvuja. Stafilokokasi hana koti la nje. Sudomonasi analo, tena na pampu za kutapika sumu. Kafuri haina ile haidroksili ya fenoli (kijisehemu cha oksijeni na haidrojeni), ndiyo maana inanuka kwa kishindo lakini inaua kidogo. Ukali wa harufu usikuhadae.

Na hapo ndipo wauzaji wanapotupiga. Kwenye sahani bakteria amelowekwa usiku kucha. Ukiyanywa, ini linaikamata eujenoli, linaifunga na kuitoa kwenye mkojo haraka, haifiki inakotakiwa ikiwa na nguvu ile. Anayekuuzia matone ya kunywa kwa ajili ya UTI au taifodi anakuuzia sahani ya maabara. Tena ini lenyewe linaweza kuumia, na watoto wamewahi kulazwa kwa kunywa mafuta ya karafuu. Kwenye ngozi sawa, ila hiyo yenye harufu ya karafuu chukua tone 1 kwa mililita 10 za mafuta ya nazi, ni kama nusu asilimia. Ukizidisha inaunguza.

Kupima uchakachuaji nyumbani: dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe, acha mpaka kesho. Yakiwa halisi yanapaa, labda yaache kivuli cha rangi. Yakiwa yamechanganywa na mafuta ya kupikia, utakuta doa linalong'aa kama karatasi ya maandazi. Hii haikamati kila ujanja, mtu akichanganya na spiriti nayo inapaa.

Ile ya kafuri iweke kwenye friza usiku mmoja. Kafuri ikiwa nyingi huwa inaganda chembe nyeupe chini, kama chumvi. Uje utuambie umekuta nini, na ukumbuke jina la soko ulikonunua, maana nina hamu ya kujua nani anakeneka huo wa kafuri huku kwetu.