Risasi za .22 zinagoma na shabaha imetapakaa: kosa la bunduki au la risasi?

SWALI: Fundi shikamoo. Nina bunduki ya .22 ya boliti, ile unayovuta chuma cha nyuma kwa mkono kila ukipakia, napigia shabaha wikiendi tu basi. Kwenye mita 50 matundu yanatapakaa karatasi nzima kama kuku kachakura, alafu kila boksi la risasi 50 lazima tatu nne zigome, pini inagonga tii, kimya. Jamaa mmoja uwanjani kaniambia hiyo kaliba (unene wa risasi) ya watoto, niuze nichukue kubwa. Unanishaurije?

JIBU: Marahaba. Usiuze kitu.

Tuanze na hizo zinazogoma maana ndo zenye hatari. Ikigonga tii bila kulipuka usikimbilie kufungua boliti, watu wengi sana nawaona wanafanya hivyo, we acha mtutu uangalie shabaha, hesabu sekunde 30 taratibu ndo ufungue, na uso uwe pembeni, maana kuna risasi inachelewa tu kuwaka. Na siku ukisikia imelia "puu" kinyonge, simama kabisa, toa risasi zote, chomoa boliti uchungulie mtutu kwa nyuma. Kama risasi imenasa humo na we ukaisindikiza na nyingine, mtutu unavimba au unapasuka.

Sasa chukua ile iliyogoma uangalie kitako chake kwa lenzi. Risasi za .22 hazina fataki katikati kama za kaliba kubwa, dawa ya kulipuka inazungushwa kiwandani ikiwa mbichi ili ienee ndani ya ule ukingo wa ganda, na isipoenea vizuri panabaki sehemu tupu, pini ikigonga hapo ndo imekula kwako. Ukiona alama ya pini imezama vizuri, lawama ni ya risasi. Ukiona alama hafifu, kama mtu kabonyeza na ukucha, hiyo ni bunduki yako, mara nyingi mafuta yameganda ndani ya boliti au springi ya pini imechoka. Boliti fungua uisafishe uikaushe, mafuta weka kidogo sana, watu wanamimina mafuta mle utadhani wanakaanga.

Kuna na sababu ya tatu ambayo mafundi wenyewe wanaisahau. Chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, ikiwa na utando wa nta na masizi, risasi haikai mpaka mwisho, kwa iyo pini inapogonga nguvu inaishia kuisukuma ndani badala ya kuiwasha. Dalili yake ni kwamba ukisubiri zile sekunde 30 afu ukaigonga tena vilevile bila kuizungusha, inalipuka. Ikikataa, ukaizungusha nusu ndo ikalipuka, basi ni ile dawa haijaenea. Chemba safisha mara kwa mara, mtutu wenyewe wala usihangaike nao kila siku, mi nimeona mitutu mingi ya .22 imeharibiwa na fimbo ya kusafishia kuliko na risasi.

Kuhusu kutapakaa, hujasema unatumia risasi gani ila nahisi ni zile za kasi. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Risasi ya kasi yenye uzito wa grain 40 inatoka na mita 375 kwa sekunde hivi, kwa iyo kabla ya kufika au karibu na mita 50 inashuka chini ya mwendo wa sauti, na pale inapovuka inayumbishwa. Zile za mwendo wa kawaida zinatoka na 325 hivi, ziko chini ya sauti tangu mwanzo, zinatulia. Ndo maana wapiga shabaha wa mashindano ya mita 50 hawatumii za kasi, na wao duara lao la alama kumi ni kiduara cha milimita 10.4 tu!

Nunua aina nne tano za mwendo wa kawaida, boksi mojamoja. Weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, kila ukibadilisha aina piga kumi za kuzoesha mtutu maana kila kampuni ina nta yake, hizo usizihesabu, alafu piga tano tano kwenye shabaha nne. Mtutu utakuchagulia wenyewe, na usishangae ukikataa ya bei kubwa ukapenda ya katikati. Ukishaipata, angalia namba ya loti (mkupuo mmoja wa kiwandani) kwenye boksi ununue nyingi za loti hiyohiyo.

Huyo jamaa wa kaliba ya watoto msalimie. Hiyo "ya watoto" risasi yake inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu, kwa iyo hakikisha nyuma ya shabaha kuna tuta la maana, na nyumbani bunduki ifungiwe kwenye sefu, risasi kwenye sefu nyingine. Na mtu asiyekusanya matundu na .22 akichukua kaliba kubwa anaongeza kishindo tu, anaanza kufumba macho kabla ya kuvuta traiga, na hilo kulitoa ni miezi. Hela ya bunduki ya pili mi ningeinunulia risasi.

Hizo zilizogoma usizirudishe kwenye boksi na nzima. Ziweke pembeni, zipige picha kitakoni kwa karibu unitumie, nikiona alama ya pini ntakwambia kama boliti inahitaji springi mpya.